Pilipili ya chupa kwenye meza ya mila

Hapa Lubumbashi mwezi wa sita na wa saba ni miezi ya baridi. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,200, na usiku baridi inaweza kushuka chini ya digrii 10. Asubuhi watoto wanaenda masomo mikono ikiwa ndani ya mifuko, na jua linatoka bila kupasha mtu moto mpaka saa nne. Mvua imekwisha tangu mwezi wa nne, majani yamekauka, vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu. Saa ile, katika nyumba nyingi, bukari inaletwa mezani pamoja na chupa ndogo yenye mafuta mekundu juu. Ni pilipili iliyopikwa mwezi wa tano ili iliwe mpaka mvua irudi. Wengine wanasema pilipili ya chupa, wengine pilipili ya baridi.

Tunataka kuandika juu ya chupa hiyo. Hatutaki kutoa mapishi tu, maana mapishi kila mama anayo yake. Tunataka kukosoa, na wa kwanza wa kukosolewa ni sisi wenyewe tunaojiita walinzi wa mila.

Miaka michache iliyopita chama chetu kilitayarisha siku ya mila. Ndani ya ukumbi tulipanga ngoma, vikapu, vyungu, vinu, mikeka na mashoka ya wakubwa. Mama mmoja wa Katuba alileta chupa kumi na mbili za pilipili, akazipanga karibu na vinu, chupa kwa chupa, zimepanguswa vizuri. Kabla wageni hawajaingia komite ilisimama pembeni ikazungumza dakika tano, ikaamua chupa zile zitoke nje, ziende kwenye buveti pamoja na limonadi na mandazi. Mmoja wetu alimwendea mama kwa heshima: «Mama, utusamehe. Hii haiko kintu ya bakambo. Hii ni kintu ya ku jiko.» Mama hakubisha. Alibeba chupa zake akatoka. Kufika jioni zote zilikuwa zimenunuliwa.

Sisi tuliokuwa katika komite ile ndio tulioandika habari za siku hiyo katika kijitabu chetu. Tulitaja ngoma, tulitaja vikapu, tulitaja hotuba moja baada ya nyingine. Pilipili hatukuitaja. Mwaka uliofuata tulirudi kwa mama yule kumwomba aje afundishe vijana kutwanga. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema: «Kama munanitafuta, mutanikuta ku buveti.»

Jibu hilo limetuwasha kuliko pilipili yake. Tangu siku ile tumejiuliza: je, sababu zetu zilikuwa na uzito? Zilikuwa mbili. Ya kwanza, pilipili haikutoka kwa bakambo. Ya pili, ni mambo ya jikoni, tena ya kuuza. Tutazipima moja moja. Lakini kwanza tuangalie kazi yenyewe, kwa sababu siku ile tuliamua bila kuijua.

Kazi ya mwezi wa tano

Kazi inaanza wakati mvua imekwisha kabisa na jua linaaminika. Pilipili zinachumwa zikiwa nyekundu zote. Yenye doa jeusi au shimo la mdudu inatupwa, maana moja mbovu inaharibu chupa nzima. Zinaoshwa zikiwa na vikonyo vyao, na vikonyo vinatolewa baadaye. Ukivitoa kwanza, maji yanaingia ndani ya tunda, na maji ndiyo adui mkubwa wa kitu cha kutunzwa. Kisha zinatandazwa juu ya ungo au mkeka siku mbili au tatu, mpaka ngozi ijikunje. Jioni zinaingizwa ndani kwa sababu ya umande. Mtoto anayeachiwa kazi ya kuzichunga anakatazwa kushika macho, na kila mwaka kuna mmoja anayeshika.

Pembeni kuna mboga: nyanya zilizoiva, vitunguu, karoti, seleri, kitunguu saumu. Nyanya zinakatwa, zinatiwa chumvi na kuachwa zitoe maji yao. Pilipili inatwangwa na chumvi ndani ya kinu. Anayetwanga amefunga kitambaa puani na amesimama upepo ukitoka mgongoni. Wengine siku hizi wanapeleka kwenye mashine, lakini bamama wengi wanasema mashine inafanya uji, na kinu kinaacha vipande ambavyo ulimi unavikuta.

Halafu unakuja moto, na hapa ndipo mtu anajulikana kama anajua au anajaribu. Sufuria inawekwa juu ya mbabula yenye makala machache. Mafuta yanatangulia, kisha vitunguu na karoti, kisha nyanya, mpaka maji yao yaishe. Pilipili inaingia nyuma. Mwiko hautoki mkononi zaidi ya saa moja. Mwanzoni sufuria inapiga kelele na kurusha matone. Pole pole sauti yake inashuka. Mafuta yanajitenga na kupanda juu yakiwa mekundu. Ukipitisha mwiko chini, njia yake inabaki wazi kidogo kabla ya kujifunga. Hapo ndipo ndimu au siki inaingia, na baada ya kuchemka tena kidogo sufuria inateremshwa. Chupa zimekwisha kuchemshwa na kukaushwa zikiwa zimeinama. Zinajazwa pilipili ikiwa bado moto, na juu yake mafuta ya kufunika kiasi cha kidole.

Kuna ubishi usiokwisha juu ya mafuta. Nyumba nyingine hazitaki kingine isipokuwa mawese. Zinasema ndiyo yanayojua pilipili. Nyingine zinasema mawese yanaganda siku za baridi, na tena yanaficha makosa, kwa kuwa rangi yake nyekundu inaweza kumdanganya mtu afikiri pilipili ilikuwa nyingi na imeiva. Hao wanatumia mafuta ya karanga au ya alizeti, ili wekundu wote utoke kwa pilipili. Sisi tuko upande wa hawa wa pili, lakini hatutagombana na mtu.

Pilipili nzuri, kwa maoni yetu, haianzi kwa kuchoma. Kwanza unasikia chumvi, halafu utamu wa kitunguu kilichopikwa muda mrefu, ndipo moto unakuja na kubaki. Ile inayochoma tangu mwanzo na kuishia hapo ilipikwa haraka, au mboga zilikuwa chache. Na mtu akizidiwa asikimbilie maji. Kile kinachowasha hakiyeyuki katika maji, kinayeyuka katika mafuta. Maziwa au tonge la bukari lenye mafuta vinasaidia zaidi. Bamama walijua hilo bila kwenda maabara.

Kwa nini baridi? Wakati wa mvua mboga zinajiotea: lengalenga, matembele, uyoga wa porini. Kiangazi kikifika, bustani za kando ya mito zinaendelea, lakini kila tuta linataka maji ya kubebwa kwa mkono. Hapa kwetu neno mboga halina maana ya majani peke yake. Mboga ni kila kitu kinachoteremsha bukari: nyama, samaki, sombe, maharagwe. Mtu akisema «leo hakuna mboga», anasema njaa kwa njia ya adabu. Siku kama hiyo chupa ile inageuka mboga yenyewe. Kijiko kimoja na chumvi kidogo, bukari inashuka, watoto wanalala.

Tuongeze kwamba kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Jirani mmoja analeta nyanya, mwingine mafuta, mwingine makala na mikono yake. Mwisho wa siku chupa zinagawanywa. Moja inaenda kwa mama mkwe, moja kwa mtoto anayekaa internati, moja kwa mgonjwa aliyepoteza hamu ya chakula. Na chupa hairudi tupu: inarudi na unga kidogo, au mayai mawili, au ndimu za mwaka ujao. Kama hiyo si mila, basi tuambiwe mila ni nini.

Mgeni aliyekuwa mwenyeji

Tuje kwenye sababu yetu ya kwanza, kwamba pilipili haikutoka kwa bakambo. Kwa upande mmoja ni kweli. Pilipili kali tunayokula asili yake ni Amerika. Ilivuka bahari baada ya safari za Kolombo zilizoanza 1492, na Wareno ndio walioieneza sana kwenye pwani za Afrika na Asia. Kutoka pwani iliingia ndani ya bara. Hapo msaidizi wake mkubwa alikuwa ndege. Ndege hasikii ule moto kabisa. Anakula tunda, anaruka, na mbegu inaangukia nyuma ya nyumba ya mtu mwingine. Ndiyo maana mpaka leo mche wa pilipili unaota karibu na ukuta na hakuna anayekumbuka kuupanda.

Jina lenyewe ni la zamani kuliko tunda. Neno pilipili lilitufikia kutoka Waarabu na Waajemi, nao walilipata upande wa Bara Hindi, ambako lilikuwa jina la pilipili ya aina nyingine. Watu wa pwani bado wanatofautisha: pilipili manga ni ile nyeusi ya punje. Hapa Kongo, ukisema pilipili peke yake, kila mtu anajua unasema ile ya kuwasha. Mgeni amechukua jina la aliyemtangulia, na aliyemtangulia sasa ndiye anayehitaji kuelezwa.

Lakini tukisema kila kilichotoka Amerika kitolewe ndani ya ukumbi, tujue tunatoa nini. Mahindi ya bukari yalitoka huko. Mihogo pia, na kwa hiyo sombe. Viazi vitamu na matembele yake, karanga, nyanya, maharagwe: vyote vilivuka bahari ileile. Tutabaki na mtama, ulezi, kunde, bamia na mawese. Ni vyakula vya heshima sana, na tungefurahi kuviona zaidi mezani. Ila siku ile ya mila, baada ya kumtoa mama na chupa zake, komite nzima ilikaa ikala bukari na sombe, na hakuna aliyeona aibu.

Tena katika lugha yetu kuna methali ambayo kila mzee anaijua: pilipili usiyoila yakuwashiani? Kitu kilichokwisha kuingia katika methali, ambacho wazee wanakitumia kumfundisha mtu asiingilie yasiyomhusu, kimepata uraia. Karatasi nyingine ya nini?

Tuangalie pia wenzetu wa mbali. Huko Korea, mwisho wa majira ya majani kuanguka, kabla baridi kali haijafika, familia na majirani wanakutana kutengeneza kimchi: kabichi na mboga nyingine zilizotiwa chumvi, kitunguu saumu na pilipili nyekundu, zinazochachuka na kuliwa baridi yote. Pilipili yao nayo ilitoka Amerika. Kabla ya hapo mboga zao za chumvi hazikuwa na wekundu ule. Hata hivyo hakuna Mkorea anayesema kimchi ni ya wageni. Mwaka 2013 UNESCO iliandika kazi hiyo, inayoitwa kimjang, katika orodha ya urithi wa binadamu kwa ombi la Korea ya Kusini, na mwaka 2015 ikaandika mila ya Korea ya Kaskazini. Tuangalie vizuri nini kilichoandikwa kwa upande wa Kusini: ni kutengeneza pamoja na kugawana. Chakula chenyewe kingeandikwa peke yake, tungebaki na habari ya sufuria. Walioandika walitazama mikono.

Na hapa nyumbani? Tarehe 14 mwezi wa 12 mwaka 2021, rumba ya Kongo iliandikwa katika orodha hiyohiyo, kwa ombi la Kongo zote mbili. Tulishangilia wote. Gitaa halikuchongwa na bakambo. Lilikuja na meli. Mbona hatukuuliza gitaa linatoka wapi? Kwa sababu tulisikia wenyewe kile ambacho vidole vya watu wetu vilifanya nalo. Kinu cha mama wa Katuba nacho kingesikilizwa hivyohivyo.

Kitu cha jikoni

Sababu ya pili ilikuwa nzito zaidi kichwani mwetu, ijapokuwa tuliisema kwa sauti ndogo: jikoni. Tulidhani utamaduni unakaa sebuleni na uwanjani, na jikoni kunakaa kazi tu.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba. Watu waliletwa na wengine walijileta: kutoka Kasai, kutoka upande wa Luapula, kutoka Rodezia, kutoka Rwanda na Burundi, na kutoka kila pembe ya Katanga. Wafanyakazi wa kampuni walipewa posho ya unga na chumvi, na bamama waliokutana kambini, kila mmoja na mkono wake wa kupika, walilazimika kufanya chakula kimoja kutokana na unga uleule. Hakuna kijiji hata kimoja kinachoweza kusema pilipili ya chupa ni yake peke yake. Ni mtoto wa mji, sawa na Kiswahili chetu.

Na Kiswahili hicho je? Ni mara ngapi tumesikia watu waliosoma wakikiita Kiswahili kibovu, Kiswahili cha jikoni? Lakini mwaka 1965, André Yav aliandika katika Kiswahili hichohicho historia ya mji wa Elisabethville, kwa ajili ya chama cha wafanyakazi wa nyumbani, wale walioitwa maboi. Maandiko hayo leo yanasomwa na wanahistoria wa nchi nyingi. Watu waliopika na kufua katika nyumba za Wazungu ndio waliotuachia mji ulivyoonekana kutoka mlango wa nyuma. Kama tungewaambia wao pia, «hii ni kintu ya ku jiko», tungekuwa tumepoteza nini?

Kuna jambo lingine ambalo wasomaji wengi wa hapa hawahitaji kufundishwa, kwa sababu waliliishi. Kampuni ilipoanza kuanguka, mishahara ilichelewa miezi, halafu ikakatika. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake «Bana Shaba abandonnés par leur père» cha mwaka 2001, alikwisha kuonyesha jinsi mamlaka ya baba wa familia yalivyotikisika pamoja na kampuni iliyokuwa imejifanya baba wa wote. Saa ile mama alifungua mlango akaweka meza ndogo mbele ya nyumba. Juu ya meza kulikuwa na nini? Chumvi iliyopimwa, makala, sabuni iliyokatwa, mafuta katika vichupa, na pilipili. Kuna madaktari na wanasheria katika mji huu ambao kaye zao zilinunuliwa na meza ya namna hiyo. Kwa hiyo tuliposema pilipili «ni ya kuuza» kama vile kuuza kunaichafua, tulitukana mkono uliotulisha. Ngoma nayo inalipwa siku ya harusi, na hatuiondoi ukumbini.

Tuseme ukweli wote: vinu na vikapu tulivyovipanga ndani vilikuwa vya wanawake vilevile. Tulivikubali kwa sababu vilikuwa vimekauka na kunyamaza. Pilipili ya mama ilikuwa bado inafanya kazi, ina bei, ina harufu, na mwenyewe amesimama karibu nayo. Inaonekana tunapenda mila ikiwa haina mwenyewe wa kuulizwa.

Sifa nayo ina makosa yake

Baada ya kusema hayo, tusiingie katika kosa la pili, la kusifu kila kitu kwa kuwa ni cha mama. Mkosoaji asiyeonja ni mpiga makofi.

Kwanza, jina «pilipili ya asili» sasa limekuwa nguo ya kila mtu. Sokoni tumekuta chupa zenye karatasi nzuri, na ndani yake nyanya ya kopo, unga wa mihogo wa kuongeza uzito, kube, na rangi. Ukiacha chupa kama hiyo itulie, maji yanajitenga chini na uji unakaa juu. Mafuta hayapandi, kwa kuwa hayapo. Mtu anayetengeneza hivyo anatafuta maisha, hatumhukumu. Lakini chama cha utamaduni kikinyamaza, baada ya miaka kumi vijana watafikiri hiyo ndiyo.

Pili, na hili ni la uhai na kifo, kuna mazoea yetu wenyewe ambayo hayastahili kulindwa. Watu wengine wanatia kitunguu saumu kibichi na pilipili mbichi moja kwa moja ndani ya mafuta, bila kupika, bila ndimu, wanafunga chupa na kuiacha dirishani miezi. Wanasema mafuta yanatunza. Mafuta yanazuia hewa tu, na kuna kijidudu, Clostridium botulinum, kinachopenda hasa mahali pasipo na hewa na penye chakula kisicho na ukali wa chachu. Mbegu zake zinatoka katika udongo, na kitunguu saumu kinatoka katika udongo. Sumu yake inalegeza mishipa ya mwili mpaka mtu anashindwa kupumua, na mara nyingi chakula hakibadiliki rangi wala harufu. Wataalamu wanasema chakula chenye ukali wa kutosha, yaani pH isiyozidi 4.6, hakikiruhusu kijidudu hicho kukua. Hiyo ndiyo kazi ya nyanya zilizoiva, na zaidi ya ndimu na siki. Kupika mpaka maji yaishe kunasaidia, na chumvi inasaidia, lakini mtu asiruke ndimu. Chupa ziwe ndogo ili ikifunguliwa iishe upesi, kijiko kiwe kikavu, na chupa yenye mfuniko uliovimba au inayotoa mapovu itupwe bila kuonjwa.

Tulipozungumza na bamama juu ya jambo hilo, mmoja alituangalia na kucheka: «Sasa njo munakuja kusema ndimu? Mama yangu alikuwa natia ndimu tangu zamani. Ni banyinyi ba leo njo banaona ndimu inapoteza makuta.» Hapo tulipata somo. Mara nyingi lililo hatari si mila yenyewe. Ni mila iliyokatwa kipande na mtu mwenye haraka, kwa sababu hakuna aliyemweleza kile kipande kilikuwa cha nini. Ndimu haikuwa ya ladha peke yake. Vikonyo vya pilipili havikuachwa kwa uvivu. Kila hatua ilikuwa na sababu, na sababu ndiyo inayopotea kwanza; mkono unabaki ukirudia bila kujua, halafu siku moja mkono nao unachoka.

Ndiyo maana tunakosoa pia namna tunavyoandika juu ya vyakula katika vijitabu vyetu. Tunatoa jina la chakula, orodha ya vitu, halafu «pika mpaka kiive». Hatusemi nani alipika, alijifunza kwa nani, aliacha nini na kwa nini. Msomaji anafunga kijitabu akiwa na orodha ya soko tu.

Tunachoomba

Hatuombi pilipili ya chupa iandikwe kwenye orodha ya dunia. Tunaomba mambo madogo yanayowezekana hapa. Siku ya mila ijayo, chupa ziwe ndani ya ukumbi, mwenyewe awe karibu nazo, na akiuza auze hapohapo. Mwezi wa tano, vijana wa chama, wavulana pamoja na wasichana, waende katika nyumba mbili au tatu wafanye kazi siku nzima, wabebe maji na makala, watwange, wakoroge, na waandike kila hatua pamoja na sababu yake, katika Kiswahili kilekile mama anachokisema. Wasikisafishe. Na kijitabu hiki kiyachapishe maandiko hayo pamoja na jina la kila mama atakayekubali jina lake liandikwe.

Upande wetu, tulirudi Katuba mara ya tatu, mwezi wa tano uliopita. Hatukwenda na barua ya komite wala muhuri. Tulibeba kilo mbili za nyanya, mafuta na ndimu, tukaomba kukaa karibu na mbabula. Mama alituangalia, akaangalia nyanya, akasema: «Hizi hazijaiva muzuri.» Kisha akatupa mwiko. Tulikoroga mpaka mkono ukafa ganzi, na kila tulipotaka kupumzika alisema, bila kugeuka, sauti haijashuka bado.

Tulipewa chupa moja. Hatujairudisha bado, kwa sababu hatujapata cha kutia ndani.